Ramani Zote za Daktari Ziliishia Kwangu

Mimi Wanzala natengeneza majiko ya bati hapa Kianda. Nikigonga bati natukana serikali, na bati likinyamaza bado natukana. Darasa niliachia la tano, lakini kulaumu sikufundishwa na mwalimu, nilifundishwa na mgomo wa madaktari. Wakubwa walikuwa hotelini wakibishana, na mke wangu Annet akikohoa, mimba ya miezi minane, mbele ya geti la hospitali lililofungwa. Nilizika wawili kwa sanduku moja. Hayo nimesema mara moja, sirudii.

Sasa mwaka jana akaanza kuja mama mmoja na begi la buluu. Anakaa kwenye benchi yangu, jiko hanunui, anapiga simu moja, anangoja. Punde anatokea msichana mwenye tumbo, wananong'ona kando ya ukuta, wanaachana. Kesho kutwa, tumbo lingine. Opondo, kinyozi wa ng'ambo ya mtaro, akaanza kuniita bwana harusi.

"Mzee, mke wa pili ana begi safi!"

"Nyoa watu, wewe."

Mara ya tano nikamsimamisha. "Mama, hii benchi si ya kanisa. Unatafuta nani?"

Akatoa karatasi, akafunika majina kwa kidole gumba. Zilikuwa ramani, zimechorwa kwa kalamu kama nyoka aliyelewa. Huku nyumba hazina namba, kwa hivyo mgonjwa humchorea daktari njia ya kwake. Ramani sita, wanawake sita wasiojuana, na njia zote ziliishia mahali pamoja: *kwa mzee wa majiko anayetukana.*

"Hawataki nifike mlangoni," akasema. "Jirani akiona daktari anaanza maswali. Ndiyo wote wakanileta kwako. Samahani, mzee. Mimi ni Daktari Celine Akoth."

Daktari! Nikaweka nyundo chini ndiyo nimtukane vizuri. Nikampa habari ya geti yote. Hakubishana. Alisikiliza mpaka maneno yakaniisha, na hilo halijawahi kutokea Kianda. Kisha akaanza yake.

Miaka kumi na miwili kazi yake ni moja: chanjo za wanawake wenye mimba wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mama akichomwa sindano, ile kinga inamfikia mtoto tumboni, au inaishia njiani? Alianza Kawangware na meza moja, mguu mmoja wa meza ukiwa tofali. Wakubwa wakamwambia mwenye mimba haguswi kwenye utafiti. Mwenye virusi pia haguswi.

"Na mwenye vyote viwili?"

"Huyo walimsahau kabisa, anatibiwa kwa kukisia. Wakaniambia nilete majibu kwanza, ndiyo waniruhusu kuuliza maswali."

Mimi nilidhani wakubwa wananionea peke yangu. Kumbe hata daktari ana wakubwa! Siku hiyo tuliwalaumu pamoja mpaka chai ikapoa. Alikuwa na matusi ya kisomi, mengine sijawahi kuyasikia. Benchi nikampa.

Lakini akanidai kitu kigumu: kinywa. Niape sitasema nimemwona nani. Yeye mwenyewe ana sheria kali, akikutana na mgonjwa wake njiani hamsalimii mpaka asalimiwe.

Kati ya wale sita alikuwa Phanice, wa ploti ya nyuma yangu. Huyu alikuwa akija na jiko, ati limeharibika. Jiko zima kabisa. Nalipindua, naligonga hapa na pale, yeye anaongea na daktari. Lilitengenezwa mara saba. Mara ya nane nililitoboa kweli, ikabidi nilizibe.

Mume wake Billy anabeba simiti stendi ya Kawangware 56. Mwili mkubwa, sauti ndogo.

Jumanne moja, mimba imefika miezi minane, Phanice akaja analia.

"Mzee, Ijumaa naenda Bungoma kuzalia kwa mama. Mwambie daktari nimeacha."

"Uache sasa? Si ulishachomwa sindano, imebaki tu kupima kinga kwenye damu ya kitovu siku ya kuzaa?"

"Nikizalia huku, Billy atakuja wodini. Ataona mtoto anapewa dawa ya virusi, atauliza. Ataniacha na kichanga mkononi."

"Huko kwa mama yako kuna zahanati?"

"Iko. Hufunguliwa wakitaka."

Lile geti likanisimama kifuani.

Nilipomwambia daktari, aliketi na begi magotini kama msafiri aliyeachwa. "Mtoto anahitaji dawa mara tu akizaliwa," akasema. "Lakini siwezi kumlazimisha mama. Wala kumwambia mume."

Kesho yake Billy mwenyewe akaja, simiti kwenye kope. Nikashika nyundo, nikidhani amesikia siri ya mkewe.

"Buda," akanong'ona, "huyo daktari wa begi la buluu ananisaka mimi?"

"Wewe? Akusakie nini?"

Akaangalia nyuma. "Namwonanga kliniki ya Kawangware. Dawa zangu natoa huko, miaka miwili sasa, ndiyo watu wa huku wasijue. Nimechelewa kuchukua wiki mbili, naona amenifuata mpaka nyumbani. Mwambie nimehama! Phanice akijua ataniacha, na mtoto ndani."

Wallahi nilikaa juu ya jiko lenye moto. Siri ya mke mfuko huu, siri ya mume mfuko ule, na mwenye mifuko ndiye mdomo mkubwa wa Kianda! Nilitukana waziri, haikusaidia. Kuapa niliapa, neno sitatoa. Lakini mambo ya saa sikuapia.

"Njoo kesho saa tisa," nikamwambia Billy, "uongee naye mwenyewe." Phanice naye nikamwambia saa tisa, aje amuage daktari kwa adabu.

Alhamisi Billy alifika kwanza. Phanice akaja na jiko lake, akasimama kama amegonga ukuta.

"Si uko kazini?"

"Si uko nyumbani?"

"Nimeleta jiko."

"Tena? Hilo jiko lina laana gani?"

"Na wewe umeleta nini?"

"Nimekuja... kuangalia kama jiko limepona."

Hapo Daktari Akoth akatokeza kwenye kona, akawaona wote wawili. Sheria yake ikamfunga miguu. Hawezi kumsalimia mume, hawezi kumsalimia mke. Akanisalimia mimi, kwa mkono, mara mbili. Akafungua mdomo aniulize habari za bati.

"Daktari, usimwambie!" wote wawili kwa sauti moja.

"Mimi sijasema kitu," daktari akasema.

Phanice akageuka polepole. "Asiniambie nini, Billy?"

Billy akavua kofia. Nikaona Opondo amezima mashine yake na kutega sikio, nikachukua bati kubwa kuliko yote, nikaligonga kwa nguvu zangu zote, huku nikimtukana gavana na ukoo wake. Opondo hakupata hata neno. Mimi niliyapata yote, nilikuwa karibu.

Billy alipomaliza, Phanice alimpiga bega, vumbi la simiti likapanda. Halafu naye akasema yake, akilia.

"Miezi mitano nameza vidonge chooni kama mwizi! Wewe ulikuwa unamezea wapi?"

"Chooni."

"Choo kile kile?"

"Asubuhi. Na wewe?"

"Jioni."

Wakatazamana, Phanice akaanza kucheka, tumbo likitikisika mpaka daktari akamkalisha kwa hofu.

Walipoondoka, daktari alinigeukia. "Mzee, ulipanga hii?"

"Mimi sijasoma, daktari. Saa hunichanganya."

"Je, angempiga? Angemfukuza?"

"Nyundo nilikuwa nayo."

Hakucheka. Alinisema mpaka nikainamisha kichwa, na haki ilikuwa yake.

Safari ya Bungoma ikafa. Wiki tatu baadaye Billy akanipigia simu kutoka wodini. Mtoto msichana, ameshapewa dawa yake, na damu ya kitovu daktari ameibeba mwenyewe kama yai. "Sikia, mzee!" Akaweka simu karibu, nikasikia kile kilio.

Nilitafuta wa kulaumu, sikumpata. Nikafuta macho kwa kiganja, na Opondo ananiangalia.

"Billy," nikasema mwishowe, "huko wodini kuna maji?"

"Hakuna, mzee. Yamekatika tangu jana."

Nikavuta pumzi, nikachukua nyundo.