Beba Ulichopanda

Asubuhi hiyo Atieno alimwagilia kitalu chake cha nyanya chungu mpaka udongo ukalainika, akapanga pembeni viriba vya nailoni na makopo aliyoyatoboa chini kwa msumari, kisha akaanza kutenganisha miche. Ilikuwa imebanana vibaya. Iliyodhoofu aliing'oa akaitupa. Yenye afya aliinyanyua kwa kijiti huku akiishika jani, maana mche ukiuminya shina umeuua.

Mumewe, Oyoo, alikuwa amezikwa hapo hapo uani, Kigongo. Tangu daraja la kuvuka ziwa lifunguliwe, viwanja vya upande huo vinagombewa kama samaki wa bure, na mdogo wa marehemu, Okeyo, hakutaka kupitwa. Matanga yalipoanuliwa tu, alitaka amrithi mjane pamoja na kiwanja. Atieno akakataa katakata. Ndipo Okeyo akaitisha kikao cha ukoo.

"Shemeji, hatukudhulumu," alisema. "Beba ulichopanda kwa mkono wako, kiwanja utuachie wenyewe."

"Wazee, mmesikia?" aliuliza Atieno.

Wakasema wamesikia.

Sasa, kitaluni, mche wa kwanza ulitoka na udongo wake, na udongo huo ulikuwa kipande cha uwanja chenye upana wa mkeka. Ukaenea kwenye kiriba vizuri tu. Pale ulipotoka pakabaki shimo. Atieno aliushindilia kwa vidole, akachukua wa pili, nao ukaja na jiko la nje, mafiga na masizi yake. Jirani yake Selestina, aliyekuja kusaidia, alilipokea kopo.

"Hili zito, mwenzangu."

"Liweke kivulini. Mche ukihamishwa hautaki jua."

Kufikia mchana walikuwa wameshahamisha kizingiti, mpapai na njia ya kwenda ziwani. Mgongo ulimuuma Atieno, lakini alijikaza kisabuni. Mche wa mwisho ulikuwa umeota kando ya kaburi. Alichimba mbali kidogo asikate mizizi, na Oyoo akatoka mzimamzima. Mche huo aliupa ndoo ya rangi, kubwa kuliko vyombo vyote.

Jioni Okeyo alikuja na mnunuzi. Walisimama ukingoni mwa shimo wakachungulia.

"Umebeba miche yote?" aliuliza Okeyo.

"Yote, shemeji."

"Haya, safari njema."

Mnunuzi alioneshwa mipaka, akaridhika. Alisema shimo atalijaza kifusi. Ukoo ukauza, ukagawana, na hakuna aliyekumbuka kumwita Atieno.

Atieno alipanga chumba mjini, Kirumba. Mwenye nyumba, Mama Kashindye, alimruhusu kuweka miche barazani ilimradi watu wapate pa kupita. Baada ya muda ikatoa majani mapya.

"Imependeza," alisema Mama Kashindye. "Ila itaanza kudai ardhi sasa hivi. Unayo?"

"Sina."

"Na makopo hayatatosha."

"Najua, mama."

Atieno alijaza maji kwenye kopo la kumwagilia, akaanza na Oyoo.