Safia wa Njia ya Tunda

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Niliswali, nikamwomba Mungu jambo moja tu: fomu yangu ya kompyuta isinifedheheshe.

Nina miaka hamsini na mitatu, ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya hapa Alunguli, mjini Kindu. Miaka miwili ya masomo ya jioni ilinifundisha kutengeneza mfumo wa faili za wagonjwa unaofunguka mtandaoni, hata kwenye simu. Dokta Florentin alikubali tuujaribu asubuhi hiyo.

"Ukikwama kwa mgonjwa mmoja, Mama Halima, tunarudi kwenye madaftari."

Wa kwanza alikuwa Safia, mjamzito wa miezi minane, homa inamchoma. Kadi yake ilikuwa imelowa mvua mpaka wino ukayeyuka.

"Ulizaliwa lini, mwanangu?"

"Wakati wa vita. Mama alikuwa anakimbilia upande wa Tunda. Kalenda tuliiacha nyumbani."

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka. Fomu niliyoibuni mwenyewe haikufungua faili bila tarehe, na nilipoingiza kadi za zamani, kila asiyejua yake nilikuwa nimempa tarehe mosi Januari. Nikaiandika. Kwenye kioo cha kompyuta wakatokea Safia watatu, wote wa siku moja. Mmoja alikuwa na alama nyekundu: asichomwe penisilini, itamuua.

Dokta alikuwa ameshaishika sindano ya penisilini. "Huyu njo yupi kati yao?"

"Sijui," nilijibu.

"Sindano moja iliwahi kumwangusha mtoto nyumbani kwetu," alisema Safia. "Sijui kama ni mimi ama dada yangu. Mama hayupo tena, ningemuuliza."

Dokta akachungulia kioo cha kompyuta. "Kumbe Kindu nzima ilizaliwa mosi Januari. Wakunga walichoka sana siku hiyo." Kisha akanyoosha mkono kulichukua daftari.

Aibu ilinipanda, na nyuma yake ikaja kumbukumbu. Mwaka 2002 nilikuwa mkunga kijana kwenye njia hiyohiyo ya Tunda. Karatasi hatukuwa nayo. Kila mtoto tulimjua kwa mama yake na mahali: wa Ramla, wa penye daraja lililovunjika. Hakuna tuliyemchanganya na mwenzake. Nilipojifunza kompyuta, nikasahau nilichokijua.

"Nipe dakika kumi, Dokta."

Jina la mama lilikuwemo katika kila faili. Nilikuwa nimelinakili kutoka kadi za zamani bila kuufundisha mfumo kulitafuta. Nikaondoa sharti la tarehe, nikaongeza kisanduku kimoja cha kutafutia jina la mama. Midomo ilikuwa kwenye Bismillahi.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Mwavita wa Kalima."

Akabaki Safia mmoja. Alama nyekundu ilikuwa yake.

Dokta aliilaza sindano mezani taratibu, akachagua dawa nyingine. Daftari alilirudisha kabatini, akaufunga mlango kwa goti.

"Na mimi mulinipa Januari?" aliuliza mzee Idrissa kutoka kwenye foleni.

"Wewe, baba, mfumo haufiki nyuma hivyo," alijibu Dokta.

Mpaka adhuhuri homa ilikuwa imeshuka. Safia akashika tumbo, akacheka. "Anapiga teke. Na huyu, Mama, utamwandika Januari?"

Nikasimama, Dokta na foleni nzima wakisikia.

"Akizaliwa, Inshallah, nitamwandika mimi mwenyewe: siku, saa, na kama mvua ilikuwa inanyesha."