Sabini na Nane Kati ya Mia

Debe la mtama wa marehemu bibi lilikuwa ghalani, na kuku wa Bwana Kipimo walikuwa wameshalizoea. Yeye ndiye mtunza ghala wa kikundi chetu cha wakulima. Alijaribu zile mbegu zikaota hamsini na tatu kati ya mia. Kanuni inataka themanini. Zisipofika, hazirudi kwa mwenyewe, wanamwagiwa kuku. Mama mdogo, aliyezirithi, aliomba wiki mbili. Mbegu nyingine za namna hiyo hatukuzijua popote.

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kilimo na kichwa kikubwa. Nilichota mboji, udongo mweusi wa chini ya lundo la majani yaliyooza, nikauloweka kwenye ndoo na kuchuja. Tulifundishwa kwamba maji yake huamsha mbegu iliyochoka. Nikayaacha meusi kama wino, nikiamini ukali ndio dawa. Nikaloweka humo mbegu mia, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya nne nilifungua kitambaa: zilizoota, arobaini na moja.

Bwana Kipimo alicheka mpaka akashika kiuno. Akauliza kama kuua mbegu nilifundishwa au ni kipaji. Mama mdogo hakucheka. Aliuliza nilipima vipi, nikakiri sikupima.

"Bibi yako alipougua ulimpa uji kwa kijiko, mwanangu," alisema. "Hizi umezinywesha sufuria nzima."

Nikarudia. Kikombe kimoja cha maji ya mboji kwa ishirini vya maji safi, rangi ikawa ya chai hafifu. Nikaloweka mbegu mia humo kutwa nzima, na mia nyingine kwenye maji matupu, nijue kinachofanya kazi ni nini hasa.

Siku ya mwisho Bwana Kipimo alihesabu mwenyewe, kikundi kizima kikitazama. Za maji matupu, hamsini na tano. Za mboji, sabini na nane.

Mama mmoja alininong'oneza kwamba mbili zaidi zimepasuka, nizitaje zifike themanini. Nikakataa kwa sauti, wasikie wote. Hazikutoa mzizi, hazihesabiwi.

"Basi, msomi," alisema Bwana Kipimo. "Kanuni ni themanini."

Nikamjibu: "Kanuni ni ya anayepanda mbegu tatu kila shimo. Sisi tutapanda nne. Hakuna shimo litakalobaki tupu."

"Na kikundi kikikataa?"

"Basi wenzetu wapande za dukani. Hizi tutazipanda nyuma ya nyumba, na kila mwaka tutakuita uhesabu."

Akageuka kumtafuta mtu wa kumuunga mkono. Wote walikuwa wanatazama vile vimizizi vyeupe kwenye kitambaa. Mama mdogo alikuwa ameshajitwika debe. Kuku walijaa mlangoni, na Bwana Kipimo katikati yao, mguu wake kizingitini.

"Shemeji," Mama mdogo alimwambia kwa upole, "toa mguu. Na hao kuku wako watafute chakula kwingine."

Akautoa.