Shikamoo ya Kwanza

Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na michezo ya kuigiza nimeisimamia mingi. Wanaoiharibu kwa uvivu nimewaona, wanaoiharibu kwa pombe nimewaona. Hamidi aliharibu wangu kwa adabu.

Tamthilia yenyewe aliiandika marehemu Optatus, mwalimu mwenzangu wa zamani kule Mlali, mtu aliyebania maneno kama wengine wanavyobania sukari. Kijana anarudi kutoka mbali, anakuta mama yake ameshazikwa, anaingia kwa baba yake bila kumwamkia. Baba anasema, "Umeingia kwangu kama mbuzi!" Ugomvi wote unaanzia hapo. Sasa kijana akiamkia, tugombane kwa lipi?

Kikundi chetu hapa Dodoma kina watu wa ofisini, wa dukani, na wastaafu wenye hasira kama mimi. Kijana nilimpa Hamidi, karani, mzaliwa wa Kolo. Baba nilimpa Mzee Jamaldini, muuza khanga, kwa sababu ana sauti na ana kitambi cha kibaba. Hakuna aliyeniambia kwamba wazee wa Hamidi walikuwa wameshapeleka posa kwa mzee huyo huyo, wakimwomba bintiye Shamila, na kwamba mzee alikuwa amesema tu, "Tutawaita." Kumbe kijana wa watu alikuwa halali usingizi.

Mazoezi ya kwanza, Hamidi akaingia jukwaani, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, hujambo? Kolo hawajambo?"

"Simameni!" nikapiga kelele. "Hamidi, imeandikwa hasalimu!"

"Samahani, mwalimu. Imenitoka."

Akarudi nje, akaingia tena. Safari hii hakusema shikamoo. Alisema, "Asalaam aleikum," na Mzee Jamaldini akaitikia mpaka mwisho, na rehema na baraka zake. Mara ya tatu Hamidi akabisha mlango wa maboksi: "Hodi!" Mzee akasogea kwenye benchi kumpisha. "Karibu, karibu ndani."

Nilivua kiatu. Sikumrushia mtu, lakini nilikivua.

Nikamvuta Hamidi pembeni. Akaniambia kwa sauti ya kuomba, "Mwalimu, nipe hata kazi ya kufungua pazia. Nikimpita yule mzee bila kumwamkia, mke nitampata wapi? Shamila mwenyewe yuko pale anatazama." Kweli alikuwa pale, ndiye aliyeshika maandishi ili awakumbushe waliosahau. Nikamwonea huruma, na huruma huwa inanizidishia hasira.

"Lete karatasi zako," nikasema.

Maneno yake yote alikuwa ameyapaka rangi ya njano. Mengine yalikuwa meupe, safi, kama hayajawahi kuguswa na jicho la binadamu. Nikaomba za Mzee Jamaldini: yake kijani, mengine meupe. Za aliyeigiza jirani: pinki. Nikaelewa. Watu hawa hawakuwa wamesoma tamthilia, kila mmoja alikuwa amesoma zamu yake.

Nikawaketisha wote sakafuni. Mzee Jamaldini akaweka zabibu katikati, tukasoma toka mwanzo, na nikaamuru kila mtu asome maneno ya mwenzake.

"Kwa nini kijana hasalimu?" nikauliza.

"Ana kiburi," akasema Hamidi.

"Wapi pameandikwa kiburi?"

Akatafuta. Akageuza karatasi mbele na nyuma. Hakuna.

"Hajafundishwa adabu," akasema Mzee Jamaldini.

"Wapi?"

Naye akatafuta, zabibu mdomoni. Hakuna.

Ndipo Shamila akasema, "Mwalimu, mbona jirani ameshasema?" Akasoma maneno ambayo hakuna aliyeyajali, kwa kuwa mwenye sehemu ile alikuwa hayasemi bali anayakimbiza: "Huyo mtoto akirudi, shikamoo ya kwanza ni ya mama yake. Baba husubiri." Kisha akashusha kidole mpaka pale Hamidi anapoingia. "Hasalimu. Anatazama kigoda cha mama."

Mimi niliyeujua mchezo ule kwa moyo nilijisikia vibaya, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakimbilia yale maneno ya mbuzi.

"Kumbe anayo," Hamidi akasema taratibu. "Shikamoo anayo. Mwenye kuipokea ndiye hayupo."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Hamidi akaingia. Akatazama kigoda. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Akabaki amesimama.

Bi Mwajabu, aliyekaa mstari wa mbele, akashindwa kuvumilia. "We mtoto! Mwamkie baba yako! Ndiyo malezi gani haya?"

Watu wakacheka. Hamidi hakugeuka. Macho yalibaki kwenye kigoda, machozi yakamtoka, na kicheko kikaisha chenyewe.

Sasa ilikuwa zamu ya mbuzi. Mzee Jamaldini akavuta pumzi, kitambi kikapanda. Akamtazama yule kijana. Kitambi kikashuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Hayamo! Nilifungua karatasi kwa hasira kuhakikisha, na hayakuwamo, na sikuweza kuyasoma vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Bi Mwajabu naye alikuwa ameshashika upindo wa khanga yake. Ugomvi haukuanza tena. Walikaa wawili wale, wakamlilia mama, na Shamila akavuta pazia.

Nyuma ya pazia sikumngoja mtu. "Mzee Jamaldini! Optatus aliandika mbuzi! Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Mwalimu," akajibu, akijifuta uso kwa kofia yake, "mkwe wangu nimwite mbuzi mbele ya kata nzima?"

Shamila akaangusha karatasi zote. Hamidi akamgeukia mzee, akainama, akafungua mdomo. Shikamoo ikamkwama kooni.

Sikumwambia arudie.