Kidonge cha Shangazi

Shangazi alikimeza kidonge chenye kamera kwa funda moja la maji, akauliza kama kuna cha ladha ya chungwa. Mpwa wake hakucheka. Yeye ndiye aliyebuni jicho la kamera ile, jicho linalosinzia kati ya picha na picha ili betri isiishe mapema. Leo lilikuwa ndani ya mtu aliyemlea. Shangazi alikuwa akipungukiwa damu, na madaktari hawakujua inavujia wapi.

Picha ziliingia kwenye kompyuta ya muuguzi, lakini zote zilikuwa za tumbo tu. Kidonge kiligoma kushuka kwenye utumbo mwembamba. Mpwa aliketi, akasimama, akachungulia kipimo cha betri, akaenda kusimama dirishani.

"Hebu tulia, mwanangu," shangazi alisema. "Kamera nimemeza mimi, tumbo joto unalo wewe."

"Inuka tutembee, shangazi. Pengine kitasogea."

Wakazunguka wodi, shangazi akiwa na mkanda wa kunasia picha kiunoni, akisalimia kila kitanda kama mgombea anayetafuta kura. Mpwa alimshika mkono, roho juu. Betri ilikuwa imebaki robo.

Waliporudi, muuguzi aliwaonyesha kioo cha kompyuta. Kuta za utumbo mwembamba zilikuwa na manyoya laini kama zulia. Kidonge kilikuwa kimevuka. Baadaye kikapita penye kimshipa kinachochuruzika damu, na daktari akasema panazibika.

Shangazi akaulizia chakula. Mpwa hatimaye aliketi, ila akachungulia tena kipimo cha betri.