Maji ya Komfrei

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yameanza kulowesha mbao za jukwaa mbele ya maktaba mpya. Juu ya jukwaa hilo, Mzee Timazi aliketi. Waashi wote walisimamisha kazi. Hakuna aliyewahi kumwona akiketi juu ya jukwaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mwashi anayeketi kazini ni tofali lingine.

"Fundi!" msimamizi wa kazi aliita kutoka chini. "Umekuwa tofali?"

"Napima upepo."

"Upepo siku hizi unapimwa kwa makalio?"

Vijana walicheka. Mzee Timazi hakucheka, na hapo msimamizi akajua kwamba kuna jambo. Alipanda ngazi. Alimkuta mzee akijikuna mikono yote miwili. Alipomtazama usoni, aliona kwamba weupe wa macho yake umegeuka manjano, kama karatasi iliyokaa dirishani muda mrefu.

Mbele yao lilikuwa tao la mawe la mlango mkuu. Pande zake mbili zilikuwa zimepanda na kukaribiana, na pengo moja tu lilibaki katikati, juu kabisa. Tao likiwa na pengo hilo husimama kwa hisani ya mbao zilizo chini yake. Jiwe la kufungia likiwekwa, mawe yote hubanana, na mbao huondolewa. Mzee Timazi alikuwa amelichonga jiwe hilo mwenyewe na kulifunika kwa turubai. Alikuwa ametangaza kwamba atalipandisha, ataliweka kwa mikono yake, kisha atastaafu.

"Shuka, Fundi. Nenda kwa daktari."

"Nikishuka, utaliweka wewe."

"Nitakusubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. Zaidi ya hapo siwezi, milango inafunguliwa. Siku hiyo ikifika hujapanda, naliweka mimi."

"Utaliweka upande."

"Basi pona, uje unizuie."

Mzee Timazi alishuka polepole, akishika kila mbao kana kwamba hakuwa yeye aliyeipigilia misumari.

Mkamwana wake alimpeleka kliniki. Mwanamke huyo alikuwa na chumba kidogo nyuma ya nyumba ambamo alitengeneza dawa za kupaka, na dawa iliyompatia jina mtaani ilikuwa ya komfrei, mmea wa majani marefu yenye vinyweleo ambao wateja wake wazee waliuita unga-mfupa. Baadhi ya majani aliyaloweka katika mafuta, akayachuja na kuyachanganya na nta ya nyuki. Mengine aliyachemsha jikoni kila jioni, akachovya vitambaa katika maji yake, akavifunga kwenye viungo vilivyoteguka. Wateja walikuja wakichechemea na kuondoka wakichechemea kidogo zaidi ya walivyotarajia, lakini wiki iliyofuata walikuja wima, wakiwa wamewaleta jirani zao.

Mzee Timazi alikuwa mmoja wao. Miezi michache nyuma alitegua kifundo cha mguu baada ya kupanda ngazi kwa ndala, jambo ambalo mkewe alikuwa amemkataza dakika chache kabla. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu huyo alikuwa jikoni, akalisikia guu likianguka. Mkamwana alimfunga vitambaa vya komfrei, uvimbe ukashuka, na mzee akarudi kazini akitembea kama aliyenunuliwa mguu mpya.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko chumba chake. Alimlaza mzee, akamminya chini ya mbavu za kulia, akamwona akikunja uso. Alichukua damu. Majibu yalipotoka, aliyasoma mara mbili.

"Ini limeumia. Mzee, unakunywa pombe?"

"Niliiacha kabla hujazaliwa."

"Dawa za maumivu?"

"Sina maumivu. Nina uchovu tu, na muwasho, na chakula sikitaki."

"Dawa za mitishamba?"

"Hapana," alisema Mzee Timazi, akageuza macho kwenye dari.

"Nilimfunga komfrei mguuni," mkamwana alisema haraka. "Kwa siku chache tu. Ngozi haikuwa na jeraha. Kwenye jeraha siweki kamwe, wala kwa mtoto, wala kwa mjamzito."

"Hapo hukukosea. Je, amekunywa?"

"Kunywa? Daktari, hiyo si ya kunywa. Kila mteja namwambia kabla hajakaa."

"Sijauliza wateja. Nimemuuliza huyu anayekagua dari yangu."

"Ina ufa," alisema Mzee Timazi. "Pale pembeni. Aliyepiga plasta hiyo alikuwa na haraka."

"Baba," mkamwana alisema.

Mzee aliyaondoa macho darini. Kisha alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la busara kwa watu wasioelewa ujenzi:

"Kila jioni mnachemsha sufuria nzima. Vitambaa vinakunywa nusu. Nusu inabaki. Asubuhi inamwagwa. Mimi tangu nianze kazi sijawahi kumwaga saruji iliyobaki. Nitaziba nayo ufa, nitaifanya kizingiti, lakini siimwagi. Sasa dawa iliyoninyanyua kutoka kitandani imwagwe kwenye mtaro? Nilikuwa nakunywa kikombe alfajiri. Vikombe viwili nilipoanza kuchoka."

Mkamwana alifumba macho. Kila asubuhi aliikuta sufuria ile jikoni ikiwa imeoshwa na kupinduliwa juu chini. Alidhani mama mkwe ndiye anayeiosha, na siku moja alimshukuru. Mama mkwe naye alidhani anashukuriwa kwa chai.

"Kama majani yaliunga mguu kwa kupitia ngozi," mzee aliendelea, "yakipita mdomoni si yanafika upesi zaidi?"

"Yanafika," daktari alisema. "Tatizo ni yanapofika. Mmea huu una sumu ndani yake. Ngozi nzima hupitisha kidogo sana. Tumbo huipokea yote na kuikabidhi kwa ini, na ini likihangaika nayo, mishipa yake midogo ya damu huanza kuziba. Huumwi siku ya kwanza. Huumwi wiki ya kwanza. Siku ukiumwa, kazi imeshaharibika."

"Wazee wetu walikunywa."

"Walikunywa. Waliokufa hawakupata nafasi ya kukusimulia."

Mkamwana aliinama karibu na kitanda. "Baba, ukuta ukipakwa chokaa unapendeza, sivyo?"

"Unapendeza."

"Umewahi kuikoroga chokaa kwenye chai?"

Mzee Timazi alifikiri. "Chai ya rangi au ya maziwa?"

Daktari alicheka hadi muuguzi akafungua mlango kuangalia. Mzee hakucheka, lakini alijibu mwenyewe: "Hapana. Chokaa ni ya nje." Kisha akauliza swali moja tu. "Litapona kabla ya mwisho wa mwezi ujao?"

"Sitakuahidi tarehe. Umekuja mapema kiasi, na ini ni fundi. Likiachwa lifanye kazi, hujijenga upya. Lakini tone moja tena la maji yale, usinirudie na habari za tao. Na hupandi popote hadi niseme."

Nyumbani, mama mkwe alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha alichukua jembe.

"Unakwenda wapi, Mama?" mkamwana aliuliza.

"Kung'oa. Mti unaotaka kuniachia ujane hauoti uani kwangu."

"Mama, mmea haukumwita."

"Haukumwita, lakini ulimkaribisha!"

"Mguu wake ulipona kwa dawa gani?"

Mama mkwe alisimama na jembe begani. Alimtazama mumewe aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti, halafu akamtazama mkamwana, ambaye machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Kosa ni langu," mkamwana alisema. "Mganga hajigangi. Mtaa mzima nimeuambia kwamba si ya kunywa. Humu ndani sikumwambia mtu."

"Kosa ni lake," mama mkwe alisema. "Ameishi na mimi miaka yote hii na bado anaiba vitu jikoni." Aliliegemeza jembe ukutani. Hakulirudisha stoo.

Jioni ile mkamwana alihamisha sufuria kwenye chumba chake cha kazi. Alipaka rangi nyekundu mkono wa sufuria na mfuniko wake, na kwenye ubao wa mlangoni akaandika kwa herufi kubwa: YA NJE TU. Alichemsha majani kama kawaida, kwa kuwa kulikuwa na mama mmoja aliyetegua kiwiko na kijana mmoja wa mpira.

Asubuhi alimkuta Mzee Timazi amesimama mlangoni pa chumba kile. Hakuwa na kikombe, lakini alikuwa akiitazama sufuria kama mtu anayetazama ng'ombe wake akiuzwa.

"Nilitaka kukumwagia," alisema. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini, Baba?"

"Kumwaga. Mkono haukubali. Na mimi nikikaa humu ndani wiki nzima bila kazi, huku kitu kizuri kinatupwa kila siku, najijua."

Mkamwana alimwelewa. Alielewa pia kwamba rangi nyekundu haitamlinda mtu aliyekaa bila kazi. Kizuizi pekee kilichowahi kumzuia mzee huyu kilikuwa kazi nyingine. Alichukua ndoo, akamimina ndani yake maji yaliyopoa pamoja na majani yaliyochemshwa, akaongeza maji safi, akamkabidhi.

"Nyanya za Mama zimedumaa. Majani ya komfrei ni mbolea. Mizizi yake huchimba chini sana na kupandisha chakula ambacho nyanya haiwezi kukifikia. Mimina kwenye shina, si kwenye majani."

"Kiasi gani?"

"Wewe ndiye mpimaji."

Mzee Timazi aliipokea ndoo, akainusa, akakunja pua. "Na mimi nilikuwa nakunywa hii," alisema, akaelekea bustanini.

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na tone lililopotea katika nyumba ile. Mzee alijenga kuta fupi za mawe kuzunguka vitanda vya nyanya, akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa kuwa ardhi si jukwaa. Mkewe alimpita kila alfajiri na kumwamuru atoe ulimi. Hakujua anatafuta nini kwenye ulimi huo, lakini aliutazama kwa makini. Mashina yakanenepa. Nyanya zikaja kwa vichala, nzito, hadi zikaegemea kuta. Mzee naye akaanza kuuliza chakula kiko wapi, kwanza kwa aibu, kisha kwa kelele.

Damu ilipopimwa mara ya pili, daktari alisema namba za ini zinashuka ngazi taratibu, dalili kwamba linapona. Ilipopimwa mara ya tatu, mwezi wa msimamizi ulikuwa umebakiza siku chache. Daktari aliyasoma majibu mara mbili, kama siku ile ya kwanza. Mkamwana alishika ukingo wa meza.

"Mzee," daktari alisema, "ufa wangu wa dari utauziba lini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuruhusu kupanda."

Siku ya mwisho ya mwezi kulikuwa na jua kali na hakuna wingu. Msimamizi alimsubiri chini ya tao huku amekunja mikono. Mke wa mzee, mkamwana na daktari nao walikuwa wamekuja kutazama.

"Nilikuwa tayari kuliweka upande," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee Timazi alipanda bila kushika mbao. Winchi ilipandisha jiwe. Yeye alilipokea kwa viganja viwili, akaliongoza hadi kwenye pengo, akalishusha. Lilisimama kidogo juu ya nafasi yake. Aligonga kwa nyundo ya mbao, mara moja, akasikiliza. Aligonga tena. Jiwe likateremka hadi mwisho, na sauti yake ikawa nzito na fupi, ile ambayo kila mwashi pale chini aliifahamu.

"Toa mbao!" aliamrisha.

"Saruji haijashika, Fundi!"

"Mawe yameshika! Saruji ni ya kuziba upepo. Toa!"

Waligonga kabari zilizozishikilia mbao, moja upande huu, moja upande ule. Fremu ya mbao ikashuka kidogo, na mwanga mwembamba ukapita kati yake na mawe. Tao halikutikisika. Mzee Timazi alipiga hatua, akasimama juu ya jiwe lake kwa miguu yote miwili, ule wa zamani na ule ulioungwa, akanyoosha mikono. Vijana walipiga kelele hadi madirisha ya mtaa mzima yakafunguliwa.

"Shuka, mzee wewe!" mkewe alifoka kutoka chini, akilia na kucheka kwa pamoja. "Umevaa ndala?"

"Viatu, Mama watoto! Viatu!"

Msimamizi alizibeba mbao za fremu hadi kwenye lori na kumpelekea fundi wake turubai iliyolifunika jiwe. Daktari alirudi kliniki na kutangaza kwamba Jumatatu chumba chake kitafungwa kwa ajili ya plasta. Mama mkwe alirudisha jembe stoo, kisha akagawa nyanya kwa waashi wote. Mkamwana alikwenda kuchuma majani, kwa kuwa kijana wa mpira alikuwa amemleta mwenzake. Mzee Timazi alistaafu saa kumi jioni, akavua kofia ya kazi, akachukua ndoo na kwenda kumwagilia nyanya.