Mkono wa Koti la Laurenti

Mkono wa koti la Laurenti ulikuwa kiganjani mwangu, na Laurenti mwenyewe alikuwa hewani, miguu juu, kichwa chini, uzito wake wote umeshapita begani kwangu. Kilichobaki ni kushika au kuachia. Miezi saba nilikuwa naingoja nukta ile, na ilipofika nikapata nafasi ya kumtazama usoni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ananiamini, nikawaza, na hilo likanizidishia hasira.

Watu wananiuliza mpaka leo: wewe Nehemia, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, una kitambi, unavaa miwani, ulikwenda kutafuta nini kwenye judo? Huwa nawajibu sukari. Daktari kaniambia nifanye mazoezi. Uongo mtupu! Nilikwenda kumtafuta Laurenti.

Laurenti alikuwa jirani ya mama yangu pale Makorora, mjini Tanga, mchana fundi baiskeli, jioni mwalimu wa judo aliyojifunza jeshini. Tena alikuwa mtani wetu: yeye Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku na mkonge, sisi Wabondei. Mwenye mtani anajua. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu, na mfiwa hana ruhusa ya kununa.

Mwaka juzi mama alipokuwa mgonjwa, mie nilikuwa Horohoro, mpakani, nikipitisha mizigo ya watu forodhani. Aliugua miezi mitano. Kutoka Horohoro hadi Makorora si safari ya kuaga watu, na bado nilikwenda mara mbili tu. Kila wiki palikuwa na lori limekwama, karatasi imekosewa, bosi anapiga simu. Nikatuma dawa, nikatuma matunda, nikajiona mwana mwema. Kumwinua kitandani, kumfikisha msalani, kumrudisha, hayo yote aliyafanya Laurenti na mkewe, Loveness. Nilijua. Nilimshukuru kwa simu.

Siku ya maziko, mama yumo ndani kwenye jeneza, Laurenti akatokea uani kajifunga khanga yake mama, kashika na mkongojo wake. Akatembea kama yeye, mguu wa kushoto unaburuta. Akakohoa kikohozi chake, kile kikavu, mara tatu. Watu wakaanza kucheka. Akaketi barazani, akatega sikio upande wa mlango.

"Nani huyo? Nehe? Nehe, umekuja, baba?"

Akainyoosha shingo, akachungulia, kisha mabega yakamshuka.

"Aa. Kumbe paka."

Lo! Watu walivunjika mbavu. Shangazi zangu walifuta machozi ya kicheko juu ya machozi ya msiba. Na mie nilicheka, maana wote walinigeukia waone nitafanyaje. Nilicheka mpaka gego la mwisho likaonekana, nikamtunza mtani wangu hela kama desturi inavyotaka. Tusi ningelisamehe. Lakini lile halikuwa tusi. Laurenti hakutunga hata neno moja. Alikuwa ameyasikia siku baada ya siku, akayatoa hadharani mbele ya ukoo wangu. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyopata kumchukia binadamu yeyote.

Kumpiga nisingeweza. Mtu anayempiga mtani wake kwa maneno ya msibani, ukoo unamcheka mpaka naye azikwe. Lakini ukumbini kwa Laurenti watu wanaangushana kila jioni, kisha wanapeana mikono. Basi nikaomba kuhamishiwa ofisi yetu ya mjini Tanga, nikanunua koti jeupe.

"Karibu, Mbondei," akaniambia siku ya kwanza. "Huku tunaanza kwa kuinama."

Nikamwinamia, moyoni namtafuna.

Nilidhani nitafundishwa kuangusha. Wapi! Miezi mitatu nilifundishwa kuanguka. Kwa nyuma, kwa ubavu, kwa kubingirika, tukilipiga kwa kiganja turubai lililotandikwa juu ya magodoro tuliyoyajaza katani kwa mikono yetu. Nilianguka kama gunia la nazi. Wenzangu wanaruka, mie natafuta miwani. Suhaila, muuza vitumbua aliyeanza wiki moja na mie, alikuwa akinionea huruma waziwazi: "Mzee Nehemia, pumua! Utakufa bado tunakuhitaji!" Magoti yaliwaka moto, kiuno kikagoma, asubuhi nikawa navaa soksi huku nimelala. Sikuacha. Hasira ni chakula, na mie nilikuwa nashiba.

Hatimaye tukafundishwa kuangusha, pamoja na sharti lake. Ukimbeba mwenzio mgongoni ukampindua, kiganja chako kimoja kinabaki kimeushika mkono wa koti lake, unauvuta juu pale anapotua, ili kichwa na bega visitangulie chini.

"Shingo ya mwenzako imo humo kiganjani," Laurenti alisema. "Usiachie."

Wenzangu waliitikia. Mie nililiweka neno lile akibani.

Jumamosi Laurenti alikuwa akijitoa yeye mwenyewe aangushwe, kila mwanafunzi mara kumi. Zamu yangu ikafika. Nilimwangusha mara sita, na mara zote sita nilimshika. Kila akiinuka anasema, "Vizuri, Mbondei." Kabla ya ile ya saba akakohoa. Kikavu, mara tatu. Leo najua lilikuwa vumbi la katani. Kila mtu mle ukumbini alikuwa anakohoa. Siku ile nilimsikia mama, kisha nikawasikia waombolezaji wote wakinicheka. Nikamvuta, nikageuka, nikambeba.

Nikaachia.

Ulisikika mlio mdogo, kama ukuni mkavu unapovunjwa. Laurenti akabaki kalala ubavu, bega limekaa mahali pasipo pake, midomo imepauka.

Na mie, nisiwadanganye, nilifurahi. Furaha ilinijaa kifuani, tamu kabisa, kwa muda wa pumzi mbili au tatu.

"Umemwachia!" Suhaila akapiga kelele. "Nimekuona! Umekifungua kiganja makusudi!"

"Hajaniachia," Laurenti akasema kutoka chini. "Nimeanguka vibaya mwenyewe. Suhaila, katafute bajaji. Nanyi wengine tokeni, mnanimalizia hewa."

Tukabaki wawili. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nimjibu yote niliyoyaweka tangu mwaka juzi. Hakunitukana. Alikuwa anahema tu, macho kayafumba. Nikaushika mkono wake mzima nikamvuta ainuke. Akaguna kwa maumivu.

"Sivyo," akasema. "Mgonjwa havutwi mkono. Piga magoti. Pitisha mkono chini ya kwapa hili, uzungushe mpaka mgongoni. Sogea, wewe, usiogope jasho."

Nikasogea. Kichwa chake kikaegemea shingoni kwangu.

"Sasa, kabla hujamwinua, msemeshe. Asishtuke."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ni wewe."

Nikaukaza mkono mgongoni kwake.

"Ni mie," nikasema. "Ni Nehe."

"Haya," akasema Laurenti. "Inua taratibu."